Leseni Isiyokataa Mtu: Hotuba kuhusu Idadi ya Vyombo na Uhai wa Samaki wa Mwambao

Maandishi ya hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maofisa uvuvi wa wilaya za pwani, wachuuzi wa samaki na wanafunzi wa sayansi za bahari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa madiko, mama zetu wachuuzi na wakaangaji, vijana wetu wanafunzi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, nami naomba radhi nikiingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Nimeombwa nizungumzie uvuvi endelevu, mada ambayo kwa kawaida humpa msemaji ruhusa ya kulaani baruti, kulaani nyavu za macho madogo na kuwasihi wavuvi waitunze bahari, kisha akapigiwa makofi na kwenda kula chakula cha mchana. Mengi ya hayo mmekwisha kuyasikia, na mengi ni kweli. Lakini yanaacha nje swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: ni vyombo vingapi vinavyoweza kuvua katika maji haya, mwaka hadi mwaka, bila kula mtaji? Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, Sheria Namba 7 ya mwaka 2010 kwa Zanzibar, na sheria ya wenzetu wa Kenya ya mwaka 2016, zote zina mengi ya kusema kuhusu namna ya kuvua. Zinataja zana zilizopigwa marufuku, ukubwa wa jicho la wavu, na kwa upande wetu hata uzito wa pweza, kwamba asivuliwe aliye chini ya nusu kilo. Njia ya kisheria ya kuweka ukomo wa idadi nayo haikosekani. Kinachokosekana ni desturi ya kuitumia.

Tazameni jinsi leseni ya chombo kidogo inavyotolewa katika halmashauri zetu. Mwenye mashua anafika na karatasi zake, chombo kinakaguliwa, ada inalipwa, stakabadhi inatoka na leseni inapigwa muhuri. Ofisa hajiulizi ni vyombo vingapi vya aina hiyo ambavyo tayari vimeandikishwa kwa ajili ya mwamba uleule, na hata akijiuliza, hana idadi ya kulinganisha nayo. Mwaka wa fedha unapokwisha huulizwa kama amefikia makisio ya mapato. Sijasikia akiulizwa kama amevuka idadi. Anayekusanya zaidi hupongezwa, na njia nyepesi ya kukusanya zaidi ni kuandikisha vyombo zaidi. Leseni, ambayo katika elimu ya usimamizi wa uvuvi ni mlango wenye komeo, kwetu imekuwa tozo, na tozo haina sababu ya kumkataa mlipaji.

Ili tuelewane kwa nini idadi ni muhimu kiasi hiki, niruhusuni nieleze kwa ufupi jinsi akiba ya samaki inavyofanya kazi. Huongezeka kwa watoto wapya wanaoingia na kwa kukua kwa waliopo. Hupungua kwa vifo vya kawaida na kwa kuvuliwa. Katika maji ambayo hayajaguswa, kuongezeka na kupungua hulingana, kwa kuwa chakula na mahali pa kujificha vina kiasi chake. Uvuvi unapoanza, nafasi hupatikana, waliobaki hukua upesi zaidi na watoto wengi zaidi hunusurika, na ziada hiyo ndiyo mavuno ambayo binadamu anaweza kuyachukua bila kudhuru. Mwaka 1954 Milner Schaefer, mtaalamu wa Kimarekani aliyeshughulikia jodari wa Pasifiki, aliiweka hoja hii katika hesabu fupi. Kwa hesabu yake, ziada huwa kubwa kabisa pale akiba inapokuwa imepunguzwa hadi kufikia karibu nusu ya ilivyokuwa kabla ya kuvuliwa. Ikipunguzwa zaidi ya hapo, ziada nayo hupungua, na chombo kinachoongezwa hakiongezi samaki bandarini, kinapunguza. Hesabu hiyo imekosolewa sana, na kwa haki, kwa kuwa haijali umri wa samaki wala misukosuko ya hali ya hewa. Hata hivyo jambo lake la msingi halijaangushwa: upo upande wa pili wa kilele ambako watu wengi zaidi, wakiteketeza petroli nyingi zaidi na kulala baharini usiku mwingi zaidi, huleta samaki wachache zaidi kwa jumla yao wote.

Umri wenyewe una habari yake. Chewa wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike na hugeuka dume akishakuwa mkubwa, na pono wengi nao hugeuka vivyo hivyo. Anayevua wakubwa peke yao anaondoa madume; anayevua wadogo anaondoa majike kabla hawajataga hata mara moja. Tena jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko kundi la majike wadogo ambao uzito wao ukijumlishwa unalingana na wake. Kwa hiyo sheria ya jicho la wavu, ingawa ni nzuri, haiwezi peke yake kumwokoa chewa. Akiruhusiwa kupita kwenye wavu akiwa mdogo, kisha akakutana na mishipi mia akiwa mkubwa, tumemwahirisha tu.

Nendeni dikoni saa za mnada mkautazame mtungo wa changu. Mtungo bado ni mtungo, unanyanyuliwa vilevile, unatajwa kwa bei, na pengine bei hiyo ni kubwa kuliko ya mwaka jana. Lakini uhesabuni samaki waliomo. Wale waliokuwa wakitosha kuujaza wakiwa wanne au watano sasa wanahitajika kumi, kila mmoja wa kukaa kiganjani, na wengine kati yao ukiwapasua tumbo hukuti mayai kwa sababu hawajafikia umri wa kuwa nayo. Hapa pana hila ambayo si ya mtu yeyote, ni ya soko. Samaki wakipungua bei hupanda, na bei ikipanda mapato ya siku ya tajiri wa chombo hayashuki kwa kasi ya kumtisha. Yakishatolewa mafuta, barafu na chakula, kinachobaki kinagawanywa, sehemu ya chombo, sehemu ya mashine, sehemu ya nyavu, kisha mabaharia hugawana kilichosalia, na kwa kuwa sehemu za vifaa hutangulia, wa kwanza kuuhisi upungufu ni baharia na wa mwisho ni mwenye mali. Bahati mbaya vikaoni huwa tunamwalika mwenye mali.

Jambo lingine linalotupofusha ni kumbukumbu. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi hukichukulia kile kilichokikuta kuwa ndiyo hali ya kawaida, na kupima upungufu kuanzia hapo. Yaliyowapata wataalamu yanatupata na sisi. Mzee wa miaka 70 akisema zamani chewa alibebwa na watu wawili, kijana humsikiliza kwa heshima na kuyaweka maneno yake pamoja na hadithi.

Dunia imekwisha kulipa ada ya somo hili. Mwaka 1883, katika maonyesho ya kimataifa ya uvuvi mjini London, mwanasayansi mashuhuri Thomas Henry Huxley aliwaambia wasikilizaji wake kwamba uvuvi mkubwa wa baharini huenda haumalizwi na binadamu, kwa kuwa kinachovuliwa ni kidogo mno mbele ya wingi uliopo. Kwa zana za siku zile, za tanga na makasia, hakuwa mjinga. Miongoni mwa samaki aliowataja ni chewa wa bahari ya baridi, ambaye si ndugu wa chewa wetu, na ambaye kwenye maji ya Newfoundland, Kanada, alikuwa akivuliwa tangu karne ya 16. Zikaja meli za viwanda zilizoweza kukokota nyavu, kusafisha na kugandisha samaki hukohuko baharini, na mwaka 1968 mavuno ya samaki huyo katika eneo lile yalipita tani 800,000. Mwaka 1977 Kanada ilitangaza maili 200 za bahari kuwa chini ya mamlaka yake na kuziondoa meli nyingi za kigeni. Kisha ikajaza nafasi yao kwa meli zake yenyewe. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, alitangaza kusimamishwa kwa uvuvi ule kwa miaka miwili, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Miaka miwili ikawa 32: uvuvi wa biashara ulifunguliwa tena mwaka 2024, kwa kiasi cha tani 18,000.

Sipendi kuitaja habari hii kama kisa cha kuogofya tu, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kitaalamu linalotuhusu sana. Kanada haikuwa nchi isiyo na takwimu. Ilikuwa na meli za utafiti, wataalamu na kompyuta. Kosa mojawapo lilikuwa kuamini kwamba kama meli moja bado inapata samaki wengi kwa saa moja ya kukokota wavu, basi samaki bado ni wengi. Samaki wale walikuwa wakijikusanya, na kadiri walivyopungua walijikusanya katika eneo dogo zaidi, na meli zenye vyombo vya kuwaona chini ya maji zilikwenda papo hapo. Mavuno ya kila meli yakaendelea kuwa mazuri hadi karibu na mwisho. Wavuvi wadogo wa pwani, waliongojea samaki waje kwenye mitego yao karibu na nchi kavu, walikuwa wamekwisha kulalamika kwa miaka kadhaa kwamba samaki hawafiki, na malalamiko yao hayakupewa uzito uliostahili.

Nasema linatuhusu kwa sababu ya dagaa na vibua. Kwa changu, tasi na samaki wengine wa mwamba, mavuno ya mtumbwi mmoja kwa siku ni kipimo kizuri; yakishuka mwaka baada ya mwaka, samaki wamepungua, na hakuna haja ya kubishana. Kwa samaki wa makundi kipimo hicho kinadanganya. Ninyi mnaokwenda na nyavu za kuzungusha mnaijua kazi: mnatoka jua likizama, siku za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, taa zinawashwa, zamani karabai na sasa taa za betri au za jenereta, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unawazunguka. Ukipata ndoo mia leo, hujui kama zile ndoo mia ni sehemu ndogo ya bahari iliyojaa au ni kundi lililosalia kati ya Pemba na Tanga. Taa imewaita wote mahali pamoja. Mwangaza wa mbalamwezi ndio uliokuwa ukitupa mapumziko bila sheria yoyote, na kadiri taa zinavyozidi kuwa kali ndivyo siku za mapumziko zinavyozidi kuliwa.

Na dagaa si jambo dogo la pembeni. Ukifika Mangapwani au vijiji vingine vya Unguja asubuhi ya siku za giza, utaona masufuria makubwa ya maji ya chumvi yakichemka, wanawake wakitumbukiza dagaa, wakiwaipua na kuwaanika, na mzigo ukikauka unaondoka hadi Kongo. Ni ajira ya maelfu ya watu ambao hawamiliki mtumbwi hata mmoja. Dagaa ana maisha mafupi na huzaana upesi, na hiyo ni baraka, kwa kuwa akipewa nafasi hurudi haraka kuliko chewa. Lakini ufupi huohuo wa maisha humfanya ategemee sana hali ya bahari ya mwaka ule. Wenzetu wa Peru walivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki wa jamii hiyo mwaka 1970, wakati ule uvuvi mkubwa kuliko wowote duniani. Mwaka 1972 ukaja El Niño na maji ya joto, akaunganika na nguvu ya uvuvi ambayo haikupunguzwa kwa wakati, na uvuvi ukaporomoka hadi kubaki sehemu ndogo ya ulivyokuwa. Nani alaumiwe, bahari au wavuvi, ni ubishi usio na faida. Akiba nene hustahimili mwaka mbaya; akiba iliyokwisha konda haistahimili, na mwaka mbaya hauombi ruhusa.

Sitaki nieleweke kwamba kupambana na zana haramu ni kupoteza muda. Kati ya Machi na Aprili 2015 watafiti walisafiri kwa chombo kwenye mwambao wote wa Tanzania wakiwa na vinasa sauti majini, na katika siku 31 wakathibitisha milipuko 318, zaidi ya nusu yake ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Miaka michache baadaye, Serikali ilipolichukulia suala hilo kuwa la vilipuzi na usalama badala ya kuliachia idara ya uvuvi peke yake, ikawaunganisha polisi, waendesha mashtaka na maofisa uvuvi, milipuko ilipungua sana. Ni ushindi wa kweli, na walioupata wanastahili shukrani zetu. Lakini yule kijana aliyeacha baruti hakuacha kuvua. Alinunua mshipi au akajiunga na chombo cha wavu, akaingia katika idadi ileile ambayo hakuna aliyeihesabu.

Sasa nije kwenye pweza, kwa sababu hapo ndipo wanavijiji wametutangulia sisi wenye vyeti. Pweza wa mwamba huishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, hukua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Ulipofunguliwa pweza walikuwa wakubwa na wengi, na habari ikasambaa kijiji hadi kijiji. Kwetu, Kisiwa Panza huko Pemba ni miongoni mwa waliojaribu, kisha wakafuata wengine Unguja na kusini mwa Tanzania Bara. Hesabu yake haihitaji profesa. Pweza wa robo kilo aliyeachwa shimoni hukutwa baada ya miezi mitatu akiwa na uzito mara kadhaa, na bei yake kwa kilo huwa bora zaidi kwa kuwa wanunuzi hulipa kwa daraja la ukubwa.

Nimesimama kwenye mwamba siku ya kufungua, maji yakiwa ya kupwa kabisa, bamvua kubwa, na nawaambieni ukweli kwamba siku hiyo ndiyo inayoonyesha ubora na udhaifu wa mpango wote. Watu hujaa kutoka vijiji ambavyo havikufunga chochote. Vijana wenye miwani ya kuzamia hutangulia kwenye maji ya kina, na akina mama, ambao siku zote huvua kwa kutembea kwa miguu wakichokoa mashimo ya pweza kwa kijiti na ambao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kujinyima, hukuta mashimo yamekwisha pekuliwa. Pale ambapo kamati haikuweka ukomo wa watu wa siku ya kwanza, wala ada kwa mgeni, wala zamu kwa wanaotembea kabla ya wanaozamia, faida ya miezi mitatu huliwa kwa siku mbili na wasioilipia. Pale ambapo kamati iliyapanga hayo mapema, mambo yanakwenda, na kinachoyafanya yaende ni idadi: nani anaingia, wangapi, lini. Ule ukomo ambao halmashauri haithubutu kuuweka, kamati ya shehia inauweka kwa kalamu na daftari la shule.

Hata hivyo tusimfanye pweza kuwa jibu la kila kitu. Miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri wa pweza. Kwa chewa anayehitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, miezi mitatu haimsaidii. Samaki wa aina yake anahitaji maji yaliyofungwa kwa miaka, yale ambayo wenzetu wa Kilifi na Kwale huyaita tengefu. Kenya ilianza mapema, kwa hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968, na tafiti za miongo mingi huko zimeonyesha uhusiano ambao mvuvi anauelewa mara moja akielezwa: samaki aitwaye kikande hula nungu wa baharini, yule kiumbe wa miiba anayechoma miguu, kikande akimalizwa na mitego, nungu huzidi, nao hukwangua mwamba hadi matumbawe yanashindwa kuota. Humohumo Kenya wavuvi walijaribu malema, yaani mitego ambayo sisi huiita dema, yenye mwanya mwembamba ubavuni, ili samaki bapa na wachanga wajitoe wenyewe, na walikuta kwamba kipato hakikuanguka kwa kuwa waliobaki ndani ni wakubwa wenye bei. Jambo hili halina gharama ya kutisha, na sioni kwa nini dema za Mtang'ata au za Mafia zisifanyiwe hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika penye ugumu, na hapa naomba wazee wanivumilie. Ukisema idadi iwekewe ukomo, umesema kuna watakaokaa nje. Ni akina nani? Mwambao wetu una desturi ya dago. Wavuvi wa Kojani, huko Pemba, hufuata pepo, kaskazi na kusi, wakapiga kambi Tanga, Mafia, Vanga na hata Malindi, na wamefanya hivyo tangu kabla ya kuwapo mipaka inayowadai vibali. Kijiji kikifunga maji yake, macho huelekea kwanza kwa wadago, kwa kuwa mgeni ni mwepesi kulaumiwa. Wapo wanaokuja na zana ambazo kwao hawathubutu kuzitumia, hilo si siri. Lakini wapo pia wanaovua kwa ustadi na kuuza kwa mama zetu hawahawa, na kuwafungia mlango kwa sababu ya walikozaliwa kungekuwa dhuluma yenye sura ya uhifadhi. Ninachoona kinawezekana ni mapatano ya diko na diko, yaliyoandikwa, yanayotaja vyombo vingapi, kwa zana ipi, kwa msimu upi, na ada inayoingia kwenye mfuko wa kijiji kwa risiti badala ya kuishia mfukoni mwa mtu mmoja. Samaki wa Mkondo wa Pemba wanavuliwa chini ya sheria tatu, ya Bara, ya Zanzibar na ya Kenya, na sioni njia nyingine ya kuzifanya zikutane mapema kuliko kuanzia kwa wanaokutana kila siku majini.

Tena ukomo lazima uanze juu. Ghuba ya Malindi na Ungwana ilifungwa kwa meli za kamba mwaka 2006 baada ya miaka ya ugomvi na wavuvi wadogo, na sisi tukasimamisha meli zetu za kamba mwaka uliofuata, akiba ikiwa imekwisha shuka. Kwenye bahari kuu hali ina aibu zaidi. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, ilikubaliana kwa ajili ya sehewa, yule anayejaza makopo ya jodari madukani, kiwango cha tani 470,029 kwa mwaka kuanzia 2018. Mwaka huohuo wa kwanza zikavuliwa zaidi ya tani 600,000, kwa kuwa kiwango kilikuwa cha jumla na hakuna nchi iliyokuwa imepewa fungu lake la kuwajibika nalo. Tukumbuke jambo hilo tunapokwenda kumwambia mwenye ngalawa kwamba amezidi. Atauliza meli zile zimepunguzwa kwa kiasi gani, na atakuwa na haki ya kuuliza. Tanzania na Kenya ni wanachama wa kamisheni ile. Sauti yetu ndani ya kikao kile ni sehemu ya usimamizi wa diko la Tanga, ingawa inasikika mbali.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Bahari ndiyo mwajiri wa mwisho. Kijana asiye na shamba, asiye na mtaji, asiyeendelea na shule, huomba nafasi ya kuvuta wavu na jioni anapata kitoweo na nauli. Ukiweka ukomo umemfungia hata mlango huo. Sina jibu la kumaliza hoja hiyo, na simwamini msemaji anayesema kilimo cha mwani au ufugaji wa jongoo bahari vitawabeba wote. Ninachosema ni kwamba mlango ule tayari unafungwa, na unafungwa kwa njia mbaya: kipato cha kila baharia kinapungua kidogo kidogo hadi aliye maskini zaidi anaondoka mwenyewe, kimya kimya, huku mwenye mashine kubwa akibaki. Ukomo unaojadiliwa hadharani unaweza angalau kusema kwamba vyombo vya nyavu kubwa vya mtu mwenye vinne ndivyo visiongezwe, na mtumbwi wa mshipi ubaki huru. Tunaweza kuanza hivyo, bila kumwondoa mtu aliyeko majini leo: kwa kila wilaya, idadi ya nyavu za kuzungusha iliyopo sasa iandikwe na isipande, leseni mpya ya zana hiyo itoke pale tu ya zamani inaporudishwa, na ada ya leseni iondolewe katika makisio ya mapato anayopimwa nayo ofisa uvuvi, ili kukataa kuwe sehemu ya kazi yake na kusimgharimu kazi hiyo.

Kwa hilo tunahitaji takwimu zinazorudi zilikotoka. Vijana wanaopima na kuandika mavuno dikoni hufanya kazi ya maana, lakini namba zao hupanda hadi wizarani na kwa watafiti, na mara chache sana hushuka tena kusomwa mbele ya waliopimiwa samaki wao. Mvuvi anayesomewa kwamba mavuno ya dema moja katika diko lake yameshuka kwa miaka mitano mfululizo hahitaji kuhubiriwa. Ataanza mwenyewe kuuliza nani aliongezeka. Kwa hiyo ombi langu kwa maofisa waliopo hapa ni la karatasi mbili. Kikao kijacho cha kila wilaya kiletewe daftari la leseni na daftari la mavuno, yawekwe kwenye meza moja, yasomwe kwa sauti mbele ya viongozi wa vikundi.

Na kwa upande wa dagaa, ambako nimesema mavuno ya chombo hudanganya, naamini kumbukumbu bora tuliyo nayo haipo ofisini. Ipo kwa wanaonunua kwa ndoo na kuchemsha, ambao wengi huandika kila siku ya giza walinunua ndoo ngapi, kwa bei gani, dagaa wa ukubwa gani na chombo kilitoka wapi, kwa sababu bila hivyo biashara ingewashinda. Hakuna aliyewahi kuwaomba madaftari hayo. Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa muda wa maswali ni nusu saa; naomba kipaza sauti kianzie upande wao, na swali la kwanza niwaulize mimi: giza la mwezi uliopita lilikuwa na siku ngapi za kazi, na giza kama hilo mwaka juzi?